Hisa kwa Jina la Fundi

Siku ile ya Jumatatu maafisa wawili walipoingia dukani kwake, Mama Pacha alikuwa amepiga magoti, pini tatu mdomoni, anakunja pindo la gauni la bibi harusi. Alidhani ni wateja. Akawaonyesha benchi kwa kidole, maana mtu mwenye pini mdomoni haongei, labda awe amechoka kuishi.

"Hatujaja kushona, mama," akasema afisa mwanamke, mwenye miwani. "Tunatoka ofisi inayosimamia soko la hisa. Ulinunua hisa elfu arobaini za supamaketi anakofanya kazi mumeo. Wiki tatu baadaye ikatangazwa kwamba inanunuliwa na kampuni kubwa ya nje, bei ikapanda mara mbili. Tungependa kujua ulijuaje."

Pini zikamtoka mdomoni zote tatu. Bibi harusi akaruka kando, na wifi wa Mama Pacha, dada wa mumewe, aliyekuwa kwenye cherehani ya ovaloki, akainua mguu kwenye kanyagio.

Jamani, Mama Pacha na hisa wapi na wapi! Huyu alijua kitambaa kinachochuja na kisichochuja kwa kukigusa tu. Hisa alizisikia redioni kabla ya habari za michezo, na hapo ndipo alipokuwa akipunguza sauti. Alitaka kucheka, lakini yule afisa alikuwa na karatasi mkononi, na kwenye karatasi kulikuwa na jina lake lote, la baba na la babu, na saini yake mwenyewe. Akaachiwa barua ya kuitwa: Alhamisi, saa nne asubuhi.

Jioni alimngoja mumewe jikoni. Mumewe alikuwa mkurugenzi wa mauzo pale supamaketi, mtu wa tai na manukato, wa tatu kutoka juu. Jikoni hakuwa mwenyeji kabisa. Akitaka maji huita. Siku hiyo aliingia, akafunga mlango, akakaa kwenye kigoda.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini, Baba Pacha?"

"Nilizinunua mimi. Unakumbuka zile fomu nilizokupa mwaka jana, unasaini huku unawakimbiza watoto shule? Ilikuwa akaunti ya hisa. Nilijua kampuni inanunuliwa, nilikuwa kikaoni. Sheria inakataza mtu anayejua siri kama hiyo kununua. Ndiyo maana nikatumia jina lako."

Mama Pacha akashika ukingo wa meza. Fomu alizikumbuka. Alisaini akiwa na kiatu cha mtoto mkono wa kushoto, wala hakuuliza. Nani anasoma karatasi anazoletewa na mume wake?

"Wewe mwanamume una wazimu?"

"Nilitaka kutuinua, mama. Sasa nisikilize. Ukiwaambia ulinunua mwenyewe, kwa akili yako, bila kuniuliza, yatakwisha. Mke ana haki ya kununua anachotaka. Lakini nikitajwa mimi, nafungwa." Akaanza kulia. Kulia kweli, makamasi na kila kitu, juu ya tai. Miaka kumi na mitano ya ndoa hakuwahi kumwona hivyo, hata alipomzika mama yake.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama Pacha aliwafikiria pacha wake, wa kike na wa kiume, wenye miaka kumi na miwili, wataambiwa nini shuleni. Akamfuta mumewe machozi kwa kitambaa cha vyombo, akakubali.

Siku mbili nzima aliufanyia mazoezi uongo ule mbele ya kioo cha wateja dukani. "Nilinunua kwa akili yangu." Wifi yake akamuuliza kama anaongea na pepo. Akamwambia aangalie mishono yake.

Alhamisi mumewe alimpeleka kwa gari, akamfungulia mlango kama siku za uchumba, akakaa kwenye benchi la ukumbini kumngojea. Ndani alikuwepo yule afisa wa miwani na karani wa kuandika. Mama Pacha akasema yote kama alivyofundishwa: alizinunua mwenyewe, kwa akili yake, mumewe hakujua lolote. Sauti haikumtetemeka hata kidogo, akajishangaa. Karani akachapa, yeye akasaini.

"Vizuri," akasema afisa. "Yanakubaliana na maelezo ya mumeo."

"Mume wangu? Alikuja hapa?"

"Juzi, Jumanne asubuhi. Hakukuambia?"

Jumanne! Yaani alilia Jumatatu jioni, kulipokucha akavaa tai nyingine akaja hapa. Mama Pacha akaomba asomewe. Afisa akamtazama kidogo, kisha akasoma taratibu.

"'Mke wangu ni fundi cherehani. Nilimpa kazi ya kushona aproni mpya mia nne za wafanyakazi wetu, za zambarau, rangi ya kampuni inayotununua. Kitambaa alikipokea mwanzoni mwa mwezi, kabla ya hisa kununuliwa. Naamini aliitambua siri kwa rangi ile, akanunua hisa kwa akili yake bila kunijulisha. Nasikitika sana. Naomba ofisi imhurumie.'"

Mama Pacha alisikia masikio yakivuma, akaona mdomo wa afisa ukiendelea kucheza, maneno hayafiki. Ile kazi ya aproni! Alimshukuru Mungu kwa kazi ile. Alimpikia mumewe, akamsifu kwa ndugu zake wote, akasema mwanamume anayemkumbuka mkewe ni yule. Kumbe alikuwa anavishwa kilemba cha ukoka. Tena lile neno, "kwa akili yake", lilikuwa lile lile alilomtia mdomoni jikoni, naye amekuja kulitapika hapa mwenyewe na kulitia saini.

"Mama, unanisikia? Aliyeipata siri kupitia kazi ya kampuni, akanunua, kosa lake ni sawa na la mkurugenzi. Ni kifungo."

"Ameniuza," akasema Mama Pacha. "Mchana kweupe. Baba wa watoto wangu."

Karani akajifanya anapanga karatasi.

Kisha ufundi ukamrudia, kabla hata ya machozi. "Hisa zilinunuliwa tarehe ngapi?"

"Tisa."

"Na mimi kitambaa cha zambarau kilinifikia tarehe kumi na sita. Mwanzoni mwa mwezi dukani kwangu hakukuwa na zambarau hata uzi."

"Tutajuaje?"

Akaeleza. Mteja mmoja aliwahi kumsingizia kwamba amembadilishia kitambaa, wakafikishana hadi polisi. Tangu hapo, kitambaa kikiingia dukani, anakata kipande cha pembeni, anakibana kwenye daftari la vipimo, anaandika tarehe, na aliyekileta anasaini. Hata kiwe cha mama yake mzazi. Cha aproni alisaini dereva wa supamaketi. Mumewe hakujua habari hizo, maana kwa miaka yote ile hakuwahi kuvuka kizingiti cha duka. Hupiga honi nje.

Wifi akapigiwa simu, akalileta daftari kwa pikipiki. Pale ukumbini kaka yake alimuuliza amebeba nini, naye, bila kujua lolote, akamjibu, "Vipimo tu, kaka."

Afisa akafunua ukurasa, akakigusa kile kipande, akaisoma tarehe na saini ya dereva mara mbili. "Mama, tarehe tisa siri hii ilijulikana na watu saba, na mmoja wao unalala naye kitanda kimoja. Unaelewa unachonipa?"

"Naelewa."

"Na umeshasaini kwamba ulinunua mwenyewe. Kuidanganya ofisi hii nako ni kosa."

"Basi andika na hilo. Langu nitalijibu. La kwake sitalibeba."

Ilichukua saa nzima kuandika upya: fomu, kiatu cha mtoto, kigoda, machozi. Akatoka. Mumewe akainuka kwenye benchi, kikombe cha kahawa mkononi.

"Umesema kama tulivyokubaliana?"

"Nilisema. Halafu wakanisomea ya kwako."

Kahawa ikammwagikia kiatuni, asiione. Akatazama huku na huku, akamsogelea, akaongea kwa kunong'ona haraka haraka. "Ningekueleza, wallahi ningekueleza. Fikiria, mama. Mimi nikifungwa, watoto wanakula nini? Mmoja wetu ilibidi abaki na kazi. Wewe ungeonewa huruma. Wangekukemea wakakuachia. Wewe ni fundi tu!"

Mama Pacha akamtazama mtu huyu aliyemzalia watoto. Alimtafutia tusi, hakulipata. Mkono ukamnyanyukia wenyewe, kwa mazoea ya miaka, ukamnyooshea tai iliyopinda.

Nyuma yake mlango ukafunguliwa. "Mkurugenzi," akaita yule afisa, "ingia tafadhali."