Mikono ya Baba Mkwe

Mama mkwe aliniita nifute doa. Paa lilikuwa limevuja, maji yakaacha mstari wa kahawia kwenye kona ya picha ya marehemu baba mkwe, ile niliyomchorea mwaka nilipokuwa naposa.

"Doa tu, mwanangu," alisisitiza, akachukua kapu lake akaenda sokoni.

Nikabaki ana kwa ana na aibu yangu. Jamani, hii niliichora mimi? Sikio moja limekaa jirani na jicho, la pili limeshuka kwenda kusalimia shingo. Na mikono yote miwili imo mifukoni. Enzi hizo vidole vilinishinda kabisa, vikitoka kama ndizi, kwa hiyo kila niliyemchora nilimficha mikono. Hata kinyozi, kwenye bango lake mwenyewe, alisimama mikono mfukoni. Leo mafundi wa mji mzima wananifuata niwachoree mabango kwa sababu ya vidole tu.

Doa lilinichukua robo saa. Kisha kiherehere kikanipanda. Nikamrekebisha mzee masikio. Nikamtoa mikono mifukoni nikaiweka mezani na, kwa kuwa alikuwa fundi saa, nikamshikisha kibano na saa ndogo ya mkononi. Ikatoka mikono imetulia tuli. Nilirudi nyuma mara tatu kujistaajabia.

Mama mkwe aliporudi, aliweka kapu chini taratibu.

"Huyu nani?"

"Baba, mama."

"Baba gani? Mzee wangu mikono ilikuwa inatetemeka! Ulipokuja kumchora alikuwa ameshaacha kushika saa za watu, na aibu hiyo alinificha hata mimi. Ulipoleta picha akaitazama weee, akaniambia, 'Huyu kijana ameona, akanisitiri. Mpe binti.' Na mimi nilikuwa nimeshakataa. Hukuwa na mbele wala nyuma."

Nikaiweka brashi chini.

"Kila asubuhi nampa habari za nyumba hii," akaendelea. "Huyu wa kibano simjui. Nirudishie mume wangu, la sivyo usinikanyagie tena hapa."

Nikaomba mafuta ya taa na kitambaa. Rangi mpya ilikuwa bado mbichi, ya zamani imekauka miaka ishirini na mitatu. Nikifuta kidogo, kibano kinabaki. Nikizidisha, mzee anaondoka na mafuta, na naapa siku hizi siwezi tena kuchora sikio baya kiasi kile hata nikijaribu. Nilifuta kidole kimoja kimoja, roho juu juu, vidole vilivyonigharimu miaka kumi kuvijua. Mfuko wa kwanza ukatokeza. Wa pili. Mwishowe lile sikio la shingoni. Sijawahi kufurahia kazi mbovu namna ile.

Mama mkwe alimtazama mumewe, akashusha pumzi. Hapo dhamiri ikanisuta. Kumbe mke nilipewa kwa wema ambao sikuutenda.

"Mama," nikasema, "mimi sikumsitiri baba. Sikuona chochote. Nilikuwa sijui kuchora mikono."

"Najua," alisema, akiirudisha picha msumarini. "Nilijua siku ileile."

Akarudi nyuma, akatazama kama imekaa sawa, akainyoosha kidogo upande wa kushoto.

"Yeye ndiye hakujua. Punguza sauti."