Wimbi la Kila Sekunde Mbili

Léoncie alikuwa na uchovu usioondoka kwa usingizi. Miaka mitatu alikuwa akichambua picha za vichwa vya watoto wa mtaa wa Buterere. Mtoto anavishwa kofia yenye taa ndogo, mwanga unapenya fuvu, na picha inaonyesha damu inavyotembea ubongoni. Kila picha ilikuwa na maelfu ya vidoa. Alikipima kila kidoa peke yake, kisha akapima upya kwa masharti makali, maana ukipima maelfu, vichache havikosi kukudanganya kwa bahati tu. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema kivuli kiko umbali gani.

Hata hivyo alipata kitu. Watoto wenye malaria kali walikuwa na wimbi dogo, linapanda na kushuka kila sekunde mbili. Halikuwa mapigo ya moyo wala pumzi, na watoto wazima hawakuwa nalo. Profesa Adrien, msimamizi wake chuoni, alifurahi. Tasnifu iwasilishwe Ijumaa, alisema. Isipofika, jina la Léoncie linafutwa na shahada ya udaktari ndio basi.

Siku ya Jumanne Léoncie alikwenda zahanati ya Buterere kupiga picha ya ile kofia, ya kupamba jalada la tasnifu tu. Hakuwahi kuona kazi yenyewe ikifanyika. Namba zilimfikia kwa barua pepe, naye akazikalia kule kwake Mutanga Nord kama kuku na mayai yake.

Alimkuta muuguzi Sylvère akimfunga kofia mtoto mwenye homa. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mamaye, ndani ya kitenge, na mama akimbembeleza: goti linakunjwa, goti linanyooshwa. Léoncie alitazama saa yake, akahesabu. Akahesabu tena, akitamani awe amekosea. Kila sekunde mbili.

"Sylvère, batoto bote munabapima hivi, ku mugongo?"

"Apana, madame. Benye homa tu. Ukibalalisha ku kitanda banalia, banatoa kofia. Bazima banalala muzuri."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Hakuweza kumlaumu. Nani asiyejua kwamba mtoto mgonjwa hapewi kitanda, hupewa mgongo? Yeye mwenyewe alilea wawili hivyo, na bado hakuuliza. Alijikasirikia, kisha hata hasira ikamchosha. Hesabu zake zote zilikuwa sahihi, ila zilipima magoti ya akina mama.

Akamwandikia Profesa kwa simu: "Lile wimbi si damu, ni mama anabembeleza. Ijumaa sileti kitu." Akapiga moyo konde, akatuma.

Mama aligeuza shingo. "Madame, damu ya mutoto wangu inatembea muzuri mu kichwa?"

"Bado sijue, mama. Kwa kujua, lazima atulie kabisa."

"Basi niache kumubembeleza?"

Mtoto alikuwa ameanza kusinzia, midomo imekauka kwa homa.

"Apana, mama," alisema Léoncie. "Endelea tu."