Soseji Mdomoni

Siku ya kwanza ya mafunzo, mwalimu wa mbwa alitupanga uwanjani mimi na Bwana Mkubwa, mbwa wa mke wangu. Mbele yetu kulikuwa na vizuizi vya kuruka na bomba pana la kitambaa la kupita ndani.

"Muonyeshe njia kwa soseji," akasema. "Usimvute."

Nikamwonyesha. Bwana Mkubwa akakaa kitako, akanitazama kama mkwe aliyecheleweshewa chai. Damu ikanichemka. Mbwa gani huyu wa kunidharau mbele za watu? Nikakiruka kizuizi mwenyewe, nikaruka na cha pili, kisha nikajitosa ndani ya bomba, natambaa kwa magoti, soseji mdomoni. Nilipotokeza kichwa upande wa pili, Bwana Mkubwa alikuwa ameshazunguka kwa nje, ananisubiri. Akaipokea soseji taratibu, kwa adabu zote.

Mwalimu akapiga makofi. "Mmoja wenu ameshaiva!"

Mke wangu, aliyeegemea uzio, hakucheka. Tangu mwaka juzi namwambia kiuno changu hakiniruhusu hata kuinama kufagia chini ya kitanda.

"Baba watoto," akaniita kwa sauti tamu ya kutisha, "hongera kwa kupona. Ufagio uko nyuma ya mlango."