Wa Mkiani mwa Mfereji

Efrazia alikuwa na kazi moja tu siku ile: kurudi Lukozi na kiti. Si kiti cha kukalia, la. Kiti cha mkulima kwenye bodi itakayosimamia majina ya mtandao ya nchi nzima. Wenzake wa kikundi cha Mboga za Lukozi walikuwa wamemtuma, na Efrazia akitumwa, ametumwa.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye biashara huria. Milango ilipofunguliwa kila mtu akawa mfanyabiashara, hata jina likawa bidhaa. Mchuuzi mmoja wa Dar es Salaam, ambaye hajapanda hata mche mmoja wa kabichi maishani mwake, aliwahi mbele akalisajili jina la Mboga za Lukozi kwenye mtandao. Basi mwenye hoteli akiliandika kwenye kompyuta yake anamfikia yeye, naye anampelekea karoti za popote pale. Wenye jina walipokwenda kulidai waliambiwa aliyetangulia ndiye mwenyewe, na malalamiko yatasikilizwa na bodi. Na bodi ni ya akina nani? Serikali, kampuni za simu, mabenki, chuo kikuu. Mkulima hayumo. Jamani!

Mkutano wa kukusanya maoni ulifanyika Lushoto mjini. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Magamba, ukaingia ukumbini kupitia madirishani bila kupiga hodi, watu wa mbele wakawa wanaonekana nusunusu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nathanaeli, mtu wa suti ya kijivu. Ilisemekana kwao ni Mlalo, milima hii hii, lakini miaka thelathini ya mjini si mchezo, na asubuhi ile hakumsalimia mtu hata mmoja kwa Kishambaa. Efrazia alipewa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakuona ubaya.

Angeuonaje? Shamba lake liko mkiani mwa mfereji, ambako maji hufika yakiwa yamechoka. Na kwenye vikao vya mifereji ya Washambaa, tangu enzi za babu zao, mwenyekiti hagusi jambo lolote kabla hajamgeukia mtu wa mkiani na kumuuliza, "Maji yamefika?" Wa juu anajua tu kwamba maji yamepita, wa mkiani ndiye anayejua kama yamefika. Asipojibu yeye, hakuna kikao. Na kudakia neno kabla hujaulizwa ni utovu wa adabu, mtu mzima hafanyi hivyo.

Basi Efrazia akangoja kuulizwa.

Msemaji alikuwa Davis, kijana wa kampuni moja ya kompyuta, mwenye sauti laini isiyo na kituo. Efrazia alikuwa ameamka alfajiri mbichi kuwahi basi, na macho yakaanza kuwa mazito. Akaona mfereji unapita katikati ya ukumbi, maji yake maangavu, na majina yanaelea: Mnazi, Magamba, Lukozi, na juu ya kila jina ameketi bibi kizee anasinzia. Watu wa viti vya mbele wanainama, wanateka kwa ndoo, hawageuki nyuma. Yeye amekinga kibuyu chake mkiani, hana wasiwasi, maana ataulizwa tu. Raha iliyoje! Hata harufu ya tope la kingo aliisikia.

"Hakuna pingamizi?" sauti iliuliza kwa mbali. "Hakuna. Tumepitisha."

Makofi ndiyo yaliyomzindua.

"Wamepitisha nini?" alimnong'oneza Marta, mwalimu aliyekaa jirani yake.

"Bodi, dada. Wanasema hakuna aliyepinga."

Kumbe kwa hawa kunyamaza ni kukubali. Loo! Aliona aibu, akawahurumia waliomtuma, kisha akakasirika, akakasirika hasa.

Davis akaja na karatasi ya mahudhurio. "Shikamoo, mama. Sahihi yako hapa, tukanywe chai."

"Marahaba, mwanangu." Efrazia alisoma. Mbele ya jina lake palikuwa pamechapwa: Mwakilishi wa wakulima, ameafiki. "Hili 'ameafiki' mmelichapa lini?"

"Karatasi tulikuja nayo tayari kutoka Dar, mama. Ni utaratibu tu."

Yaani aliafiki kabla hajapanda basi! Efrazia akachukua kalamu, akalikata lile neno, akaandika taratibu kwa mwandiko wake wa shule ya misheni: Nilikuwepo. Sikuulizwa kama maji yamefika.

Davis alisoma, hakuambulia kitu, akampelekea mwenyekiti. Watu walikwisha kuinuka, wengine wameshika vikombe. Mzee Nathanaeli akasoma. Akavua miwani, akasoma tena. Ukungu ulimpita mabegani, na mazungumzo yakafifia mpaka vijiko vikasikika.

Kisha akaanza kutembea. Alipita safu zote za viti, moja baada ya nyingine, hadi kiti cha mwisho karibu na mlango. Akainama kidogo. Kishambaa chake kilikuwa na kutu, lakini kilitoka.

"Mama, maji yamefika?"

Efrazia aliinuka kwanza.

"Hayajafika," alisema.

Mzee Nathanaeli akawageukia waliokwisha kufika mlangoni, akaichana ile karatasi vipande viwili.

"Rudini mkae," akasema. "Kikao hakijaanza."