Tuta Mbele ya Nyumba

Mitchel aliona haya kabla hata wageni hawajafika. Jumapili wazazi wake walikuwa wanakuja Khayega kuona boma alikoolewa, na uwanja wa mbele wa boma lenyewe ulifanana na kichwa cha mtoto aliyenyolewa huku akikimbia. Hapa nyasi ndefu, pale kipara. Mama mkwe wake, Zilpah, alizifyeka kwa slasha ya zamani iliyopinda katikati. Na kila alipofika kwenye tuta dogo lililokuwa upande wa kushoto wa njia, aliiweka slasha chini, akapiga magoti na kukata nyasi za pale kwa mundu, konzi baada ya konzi, kama mtu anayemnyoa mgonjwa.

Mitchel alimtazama mara nyingi kutoka dirishani na kila mara aliwaza jambo lile lile: maskini, hana vifaa vizuri.

Yeye alikulia Milimani, mjini Kakamega, kwenye nyumba za watumishi wa serikali. Huko nyasi zilikatwa kwa mashine zikabaki laini kama zulia. Alijua baba yake, Mzee Osiako, angeshuka kwenye gari na kutazama uwanja kabla ya kumtazama mtu yeyote. Ndivyo alivyokuwa. Angeona yale makato ya slasha, angenyamaza, na kimya chake kingemaanisha kwamba binti yake alikuwa ameshuka ngazi.

Kwa hiyo Zilpah alipokwenda Shianda kwenye matanga ya binamu yake, Mitchel alipanda boda boda hadi mjini. Muuzaji wa duka la vifaa, kijana aliyeitwa Ochieng, alimuuliza kama ardhi ya kwao ni tambarare au ina vilima na mawe, maana mashine ya magurudumu haipendi vilima. Akamshauri achukue slasha mpya na jiwe la kunolea, au ile mashine ya kubeba begani.

"Nipe ya magurudumu," Mitchel alisema. "Ardhi nitaishughulikia mimi."

Mashine ilikwenda vizuri hadi ilipofika kwenye tuta. Hapo kisu kilikwama kwenye udongo, injini ikakohoa na kuzima. Akaiwasha tena, ikazima tena. Akampigia simu Weldon, mume wake, aliyekuwa kazini kwenye kiwanda cha sukari na ambaye hurudi nyumbani mwishoni mwa juma. Lile tuta ni la nini? Weldon alisema amelikuta hapo tangu utotoni, pengine ni la fuko. Mama hulizunguka tu. Alisawazishe kama linamsumbua.

Mitchel alichukua jembe. Udongo wa tuta ulikuwa mwororo, mweusi, haukuwa na jiwe hata moja, na jambo hilo lilimfurahisha. Aliujaza kwenye wilbaro na kuusambaza uwanja mzima, akaziba mashimo ya kwato za ng'ombe na ya miguu ya viti, mpaka karibu na lango. Akapitisha reki, akaushindilia kwa miguu, kisha akapitisha mashine.

Jirani, Mama Osundwa, alisimama kwenye ua akashika kiuno.

"Haya, Mitchel. Ndege gani inatua hapa?"

"Ya baba yangu," Mitchel alijibu, na wote wawili wakacheka.

Zilpah alirudi Jumamosi alasiri, kitambaa cha matanga kikiwa bado kichwani. Aliingia langoni, akapiga hatua chache, akasimama. Mitchel alikuja mbio kumpokea mkoba, akisubiri kusifiwa. Mama mkwe hakuutoa mkoba.

"Udongo uliokuwa hapa umeupeleka wapi?"

"Nimeutandaza, Mama. Nimeziba mashimo yote mpaka kule langoni. Saa hii hata ukiweka kikombe cha chai chini hakimwagiki."

Zilpah alitazama uwanja kutoka upande mmoja hadi mwingine, taratibu, kama anayetafuta sindano. Kisha alirudi nyuma kwa hatua zile zile alizoingia nazo. Akazunguka kwa Mama Osundwa, akapita katikati ya migomba, akaingia nyumbani kwa mlango wa jikoni.

Ni Mama Osundwa aliyekuja kumwambia Mitchel, na safari hii hakuwa na mzaha. Kabla ya Weldon, Zilpah alizaa msichana, akamwita Kageha. Aliugua na kufa kabla ya kuota meno. Siku hizo mtoto wa umri huo alizikwa kimya, bila msalaba wala hotuba, na hakutajwa tena mbele ya watu. Mama yake alibaki na lile tuta tu.

Weldon alipofika jioni alikwenda jikoni kumbembeleza mama yake. Alimwambia mtoto hajatolewa, bado yuko chini palepale.

"Najua yuko chini," Zilpah alisema. "Sijui tu nikanyage wapi."

Mitchel alisikia kutoka nje ya mlango. Alitaka kuingia apige magoti, lakini hakuingia. Aliona aibu hata ya kuomba msamaha, kwa kuwa alikumbuka jinsi alivyokuwa akimtazama mama huyu kutoka dirishani na kumhurumia kwa mundu wake.

Jumapili gari lilisimama langoni. Mzee Osiako alishuka, akatazama uwanja, akatabasamu.

"Rachael, njoo uone," alimwambia mkewe. "Mtoto amehamishia Milimani huku."

Viti vilikuwa vimepangwa kwenye nyasi. Wageni waliketi. Ilimpasa mama wa boma aje awashike mikono, lakini Zilpah aliwasalimu kutoka barazani, akabaki amesimama pale kwenye saruji. Mazungumzo yalianza kukauka. Rachael aliinama sikioni kwa binti yake.

"Mbona mama mkwe wako hatukaribii? Tumekosa nini? Kama hatutaki, aseme, twende zetu."

Weldon alikuwa amempa jibu asubuhi: aseme Mama anaumwa mguu. Mitchel alifungua mdomo. Alimwona baba yake akipapasa nyasi kwa ncha ya kiatu, ameridhika.

"Hawezi kukanyaga hapa," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barazani. "Kulikuwa na kaburi la mtoto wake. Nimelisawazisha na kuutawanya udongo wake, ili mkija mkute uwanja mzuri. Ni mimi. Hakunituma mtu."

Mzee Osiako aliinua mguu wake, halafu hakujua auweke wapi.

Mitchel alishika kiti cha kwanza, akakibeba hadi nyuma ya nyumba, karibu na jiko, penye moshi na kuku. Akarudi kuchukua cha pili. Weldon akamsaidia, kisha Mzee Osiako. Hapo nyuma, kwenye udongo mtupu, Zilpah alikuja, akawashika wageni mikono mmoja mmoja, akaketi karibu na Rachael na kumuuliza habari za safari.

Obusuma, ugali wa kwao, ilipoletwa, Mitchel alipita na jagi na beseni akiwanawisha. Alipofika kwa mama mkwe, Zilpah alinyoosha mikono bila kuinua uso. Mitchel alimimina maji, macho yake yakiwa kwenye beseni, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuyaweka.