Kanga Mdomoni

…na si kwamba Rebeka hamwoni, anamwona vizuri sana, hata taulo likiwa limemfunika kichwa, pale nje ya uzio, kati ya muuza karanga na baiskeli ya mtu, mama yake mzazi, Paskazia, amejikunja kama mwenye jino bovu, kanga ameisokomeza mdomoni, ee Mungu wangu, mdomoni kabisa, macho yamemtoka, na Rebeka hapa kwenye benchi anakunywa maji, gemu moja, moja tu, tano kwa nne seti ya mwisho, wakishabadilishana upande ni zamu yake kuanzisha mpira, akiishinda hii ndiye bingwa wa taifa wa tenisi, Rebeka Shigela wa Mabatini, na Odeta wa Dar es Salaam pale kwenye benchi lake anafunga kamba za viatu ambazo wala hazijafunguka… nani kamwambia mama aje? alishamkataza, mwaka jana, hapahapa Mwanza, fainali kama hii, Odeta huyuhuyu, Rebeka alipiga mpira ukaenda pembeni kule, mzuri, mzuri mno, na mama, mpira hata haujatua, akaachia kigelegele chake kile cha harusi, kirefu, Rebeka akajua yameisha, akashusha raketi, kumbe Odeta amekimbia, ameufikia, ameurudisha, mpira ukampita mwenyewe anatabasamu, watu wa klabu wakacheka, mwamuzi akasema mama, hapa si ngomani, kimya tafadhali, na kuanzia hapo mipira yake yote ikagonga wavu, akashindwa… na getini, mbele ya watu, akamwambia mama yake, usije tena kunitia aibu, hivyohivyo, kwa sauti, na mama akasema haya, mwanangu, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka kwa miguu peke yake.

Haya, mwanangu! bora angemtukana, tusi unalijibu, haya utaijibu nini? mwaka mzima sasa, Rebeka kashinda Arusha, kashinda Nairobi, kashinda Kampala mpaka picha yake ikatoka gazetini, kikombe anakifikisha Mabatini, mama anakipokea kwa mikono miwili, anakifuta vumbi, anakiweka juu ya kabati, anauliza umekula?, basi, nyumba kimya kama wamefiwa, mama ambaye akipiga kigelegele harusini mtaa wa tatu wanatoka nje, ndiye huyo, umekula?, mpaka jirani yao Mama Justa akaja na huruma zake, pole mwanangu, najua umeshindwa, hatujasikia kitu, na kikombe kinamwangalia pale juu ya kabati, maana Mabatini ushindi usiopigiwa kigelegele bado uko njiani, haujafika… "Maji zaidi?" mtu anamwuliza, hapana, asante, hataki maji, anataka, anataka nini? anauona ukuta wa ghala la pamba kule Magu, baba Shigela alikuwa mlinzi wa ushirika, akamchongea kibao, na mpira wa manyoya aliuokota misheni, ukutani, urudi, ukutani, urudi, mpaka siku alipofikisha mia bila kuuangusha, na mama aliyekuwa anapepeta mchele akatupa ungo, mchele wote chini, kuku wakala Krismasi, akapiga kigelegele, wanawake wakatoka mashambani mbio, bibi harusi yuko wapi?, wakamkuta mtoto wa miaka tisa, peku, kibao mkononi, na wakampigia na wao, hakuna aliyecheka… halafu wanunuzi binafsi wakaingia, ushirika ukafunga ghala, baba akakosa kazi, wakahamia Mabatini, mama akauza dagaa, na raketi ya kwanza ikatoka kwenye robota la mitumba, mama aliigombania na mwanamke mmoja aliyeng'ang'ania kwamba ni chekeche, nusura wapigane, chekeche gani, alisema mama, hii ni ya mwanangu!, na kabla ya hayo yote, siku aliyozaliwa, mkunga alikuwa kibogoyo, kigelegele hakitoki, upepo tu, mama akajipigia mwenyewe akiwa bado amelala palepale, kwa nini nisipige, alisema, mtoto aingie duniani kimyakimya kama mwizi? ndiyo sauti ya kwanza aliyoisikia Rebeka, ya kwanza kabisa, na yeye ndiye akaifungia nje… na ile raketi, aliishusha nani? mama alikuwa nyuma ya uzio, mkono ulikuwa wa Rebeka, mtu mzima na akili zake, akashusha raketi mpira ukiwa hewani, halafu aibu akamtwisha mama, kwa ajili ya watu ambao hata jina lake hawakuwahi kumwuliza, na leo mama kaja na kizibo chake kutoka nyumbani, atakufa kwa kukosa pumzi, mama huyu, atakufa kweli…

"Muda," anasema mwamuzi, na Rebeka anasimama, miguu myepesi, hajui imekuwaje, badala ya kwenda mstarini anaambaa na uzio, Odeta anamwangalia, watu wanamwangalia, waangalie. "Mama, shikamoo." Mama anaitikia kwa kichwa tu, kanga haimruhusu. "Toa hiyo kanga." Anaitoa, imelowa. "Marahaba, Lebeka. Sijasema kitu mie, waulize hawa." "Najua. Sasa piga." "Nipige nini, na bado hujashinda?" "Mama, nimefika. Piga." Na Paskazia anamtazama mwanawe, machozi haya hapa, anaitupa kanga begani, anavuta pumzi ya mwaka mzima, na kinatoka, ee, kinatoka, kinapanda juu ya viti vya klabu, juu ya mawe, kinateremka mpaka ziwani, muuza karanga anakipokea, wanawake wa barabarani wanapokea, mwamuzi anasema kimya, kimya tafadhali, tafadhali mama, na Rebeka, tano kwa nne, pointi hata moja haijachezwa, ameshafika mstarini, anaudunda mpira polepole, anacheka, anamngoja mama yake amalize.