Kumsindikiza Mama Aneth

Wewe, umewahi kuagana na mtu wa kwetu mkamalizana siku hiyohiyo? Mimi nimezaliwa hapa upande wa Kagongwa, nimeolewa hapa, nimezikia mume hapa, na sijawahi. Kwetu mgeni anaaga kwanza akiwa amekaa. Anaambiwa bado mapema. Anaaga tena akiwa amesimama, anashikwa mkono, na mkono hauachiwi mpaka muulizane upya habari za watoto, za ng'ombe na za mvua, zilezile mlizoulizana alipofika. Kisha mnamsindikiza. Mkifika kwenye uzio wa minyaa mnasimama. Mkifika njiapanda mnasimama tena. Akiwa amekwenda hatua hamsini anageuka, na ninyi bado mmesimama, kwa hiyo inabidi aseme jambo.

Mkwe wangu Ghati alipokuja kwetu miaka kumi na mmoja iliyopita hakuwa anayajua hayo. Kwao ni Tarime. Aliolewa na mwanangu wa mwisho, Donatus. Wiki ya kwanza jirani yangu Martina alikuja kumtazama bibi harusi. Wakaongea vizuri, na maongezi yalipokwisha Ghati akasema, "Haya, kwaheri," akaingia ndani. Martina akabaki uani mkono umenyooka. Mwezi mzima alikuwa akiniuliza amemkosea nini yule binti.

Wiki ya pili nilianika nsansa juu ya jabali la nyuma ya nyumba, majani ya kunde niliyokwisha kuyachemsha, nyungo mbili nzima, mboga ya kiangazi chote. Ghati akaamka alfajiri kufagia. Alipoona majani meusi yamejikunja juu ya jiwe, akayakusanya vizuri kabisa akawapa mbuzi. Nilipomuuliza nsansa iko wapi, akasema, "Nsansa ndiyo nani, mama?"

Lakini alijifunza. Sasa akikutana na mtu njiani asubuhi anasema mwangaluka, anapiga goti kidogo, na anasubiri mpaka habari zote ziishe. Ukimuuliza kisima kiko wapi anakuonyesha kwa kidevu na kusema hapo tu, na wewe utatembea mpaka kandambili zikatike. Akienda harusini akala wali na nyama, akirudi anainjika maji ya ugali, anasema njaa imemuuma njiani. Na michembe yake, sijui niseme nini. Viazi anavimenya, anaviacha vinyauke kiasi, anavikata vyembamba sawasawa kwa kile kisu kidogo chenye mpini wa kamba, na vikikauka vinakuwa vyeupe kama chaki.

Donatus ndiye aliyepotea. Alikwenda Geita miaka minne iliyopita, anafanya kazi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mwezi wa sita alikuja kututembelea. Mbwa wake mwenyewe alimbwekea. Alimsalimu Martina, "Mambo vipi, mama," Martina akatazama nyuma yake kuona anaambiwa nani. Nikampa mtindi kwenye kibuyu, akaomba kijiko. Akaunywa hivyohivyo na kijiko chake, na siku mbili zilizofuata njia ya chooni aliijua yeye peke yake. Siku ya kuondoka alisema, "Poa, baadaye," akapanda pikipiki. Tulikuwa tumeshavaa khanga za kumsindikiza.

Simnyooshei kidole. Ni mtoto wangu, na kuishi peke yake mjini kunachosha. Mwisho wa mwezi wa nane akapiga simu. Amepata vyumba viwili vyenye umeme, anataka mke wake na mtoto wahamie. Aneth ana miaka sita, shule zipo za kutosha huko.

"Vizuri," nilisema.

"Vizuri," Ghati naye akasema.

Tukaendelea kumenya viazi. Mimi moyoni sikutaka aende hata kidogo, lakini mama mkwe atasema nini? Mke akae na mumewe, hilo halina mjadala. Nikimzuia, watanisema kisimani mpaka maji yakauke. Yeye alichokuwa anakitaka sikukijua, wala sikuuliza. Nilisubiri.

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Ghati hakukaa chini. Alifagia ua, akarudi kuufagia palepale alipofagia. Alianza kusuka mkeka akauacha, akaenda kumsuka Aneth nywele, akamwacha nusu kichwa, akakimbilia viazi. Akapanga nguo kwenye begi, akazitoa, akazipanga. Akajaza gunia: michembe debe mbili, juu yake nsansa kwenye mfuko, karanga, na samli kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa kwa kitambaa.

"Geita hakuna chakula?" nilimuuliza.

"Kipo, mama. Lakini ni cha kununua."

Basi la kwenda Geita linapita barabara kubwa saa tatu asubuhi. Barabara kubwa ni hapo tu, yaani saa nzima kwa mguu ukiwa na mzigo. Jumatatu tuliondoka mapema kabisa. Mimi na begi kichwani, Ghati na gunia, Aneth anatafuna mchembe, na Martina amekuja kusindikiza. Tukasimama kwenye minyaa. Tukasimama njiapanda. Pale njiapanda, baada ya habari zote, Martina akajikuna shingo.

"Kumbe Mama Aneth, juzi nilikuwa nimekuja kuazima ungo wako."

"Si ungesema tangu nyumbani?" nikamwambia.

"Ningeanzaje kusema ungo na mtu anasafiri, Mama Donatus? Nisingekuwa na adabu."

Tukarudi. Ghati ndiye aliyegeuka wa kwanza. Akamtolea Martina ungo, akaupangusa, akamweleza upande gani umeanza kulegea. Tulipofika barabarani tulikuta vumbi. Tukalitazama lile vumbi linavyotua kwenye majani.

Donatus akapiga. "Mmeachwaje na basi linalopita mlangoni?"

"Si mlangoni, mwanangu. Ni hapo tu."

Jumanne tukatoka mapema zaidi. Kufika kwenye minyaa Ghati akasimama. "Mama, hatujamuaga baba mdogo." Ni shemeji yangu, mzee Mabula, mdogo wake marehemu mume wangu, boma lake liko upande mwingine kabisa. Nikasema tutamwelezea. Akasema, "Atasemaje, mama? Nimemkimbia?" Hilo nalo kweli. Tukaenda.

Mzee Mabula alikuwa anakamua. Mtu anayekamua huwezi kumuaga, unangoja amalize. Akamaliza, akaosha mikono, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza na salamu kama vile ndiyo tunafika kutoka Mwanza. Mke wake akainjika michembe. Nikasema hapana, jamani, basi.

"Mtoto aondoke kwangu tumbo tupu?" mzee akasema. "Halafu kule Geita aseme kwetu kuna njaa?"

Unajua michembe inavyoiva. Haina haraka na mtu. Inalowa, inachemka, halafu ndiyo unatia karanga zilizotwangwa, unaacha itokote mpaka itoe mafuta pembeni. Mimi nilikuwa nakaa, nasimama, natazama jua, nakaa. Nikamwangalia Ghati. Alikuwa anachochea kuni chini ya chungu, akachomoa mti mmoja mkubwa uliokuwa unawaka vizuri, akauweka pembeni.

"Moto mkali unaharibu," akasema, bila kunitazama.

Tulikula. Ilikuwa tamu sana, sitasema uongo. Basi hatukuliona hata vumbi lake.

Mchana huo Donatus alipiga mara tano. Simu yangu ni ndogo na imeharibika sikioni, inaongea kwa spika tu, kwa hiyo kila aliyekuwa uani alisikia. "Mama, huyo mtu anakuja au haji?" Nikamjibu anakuja kesho. Ghati alikuwa anatoa nguo kwenye begi anazikunja upya.

Jumatano niliamua kuwa mkali. Nilimwambia Martina amuagie nyumbani na abaki huko. Akanuna, akakubali. Nikatangulia mbele na begi, Ghati na Aneth nyuma yangu, sikusimama kwenye minyaa, sikusimama njiapanda, kila aliyetusalimu nilimjibu nikiwa natembea, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe. Nyuma yetu, hatua kama ishirini, Martina alikuwa anakuja.

"Mimi nakwenda zangu kutafuta kuni," akapaza sauti.

"Barabarani?"

"Kwani kuni zinachagua?"

Tukafika mapema. Tukakaa juu ya gunia, tukasimama, tukakaa. Kila lori lilipotokea Ghati alishtuka. Basi likatokea kweli, likasimama. Kondakta akaruka chini, akalibeba gunia, akalitupia kwenye buti, akafunga. Begi nilikuwa nalo mimi bado kichwani. Ghati akanishika mkono.

"Mama, basi mimi ndiyo nakwenda."

"Nenda salama, mwanangu."

"Yule kuku mwekundu analalia, usimwamshe."

"Sitamwamsha."

"Mbuzi mweusi mguu wa nyuma unamsumbua. Mwambie baba mdogo amtazame."

"Nitamwambia."

"Mbegu za kunde ziko kwenye kile kibuyu chenye ufa. Mama, habari za mgongo wako?"

"Mgongo haujambo, panda basi."

"Mguu je?"

Kondakta akapiga bati kwa kiganja. "Dada, unapanda hupandi?"

"Napanda. Namuaga mama."

"Muage kwa simu. Tuna safari hapa."

Ndani ya basi watu wakacheka. Ghati hakuuachia mkono wangu. "Subiri kidogo, kaka, sijamaliza," akasema, akaniuliza habari za mvua. Mwezi wa tisa. Nikamjibu kwamba bado. Akauliza ng'ombe wa mzee Mabula wameamkaje. Na mimi, badala ya kumsukuma kama nilivyokusudia, nikasikia mdomo wangu unamjibu ng'ombe mmojammoja kwa rangi yake.

Basi likaunguruma likaondoka. Likaondoka na gunia.

Martina akaja akasimama kando yetu, mikono kiunoni, hata kijiti kimoja cha kuni hana. Akamtazama Ghati kwa muda. "Huyu sasa ni wa huku kabisa," akaniambia. "Hata marehemu mama yangu alikuwa anaaga upesi kuliko hivi."

Tulirudi. Ghati akatua begi mlangoni, akachukua ufagio. Saa nane hivi mchana simu ikalia. Nilikuwa nachambua choroko kwenye kivuli cha ukuta, nikaibonyeza nikaiweka juu ya kinu.

"Mama," Donatus akasema, "niko stendi. Nimekuta gunia. Konda ananiambia hilo gunia ndiye abiria pekee aliyepanda kwenu. Mke wangu yuko wapi?"

"Yupo hapa, anafagia."

Nyuma yake zilisikika honi na watu wakiita Chato, Chato. Kisha nikasikia kitu kinavunjika kwa meno, kikavu, kikavunjika tena.

"Donatus, unakula nini?"

"Nimekalia gunia. Nimelifungua kidogo." Akatafuna. "Hii michembe nani amekausha?"

"Mke wako."

"Haina hata punje ya mchanga," akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto aliyekuwa akiiba michembe juu ya jabali na kusema ni kunguru. Akatafuna kidogo tena, kisha akakumbuka hasira yake. "Nipe niongee naye. Ghati, unanisikia? Siku tatu nakuja stendi, wenzangu wananicheka, wanasema huyo mke labda ni wa kwenye simu tu. Kesho unakuja au huji? Niambie moja nijue."

Ghati alikuwa amesimama katikati ya ua. Mahali pale alikuwa amepafagia tangu asubuhi, udongo unang'aa kama sahani. Akanitazama. Mimi nikatazama choroko zangu, maana ningeinua macho angeona ninachokitaka, na haikuwa haki aseme cha kwangu.

Akalaza ufagio ukutani. Akaja akachuchumaa karibu na kinu, akakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa akatulia tangu wiki iliyopita.

"Donatus," akasema.

"Naam."

"Unakula vizuri?"

"Ghati, nimekuuliza kitu."

"Nimesikia. Na kifua, vumbi la karasha bado linakukohoza?"

"Linanikohoza. Kesho unakuja?"

Akachukua choroko moja mbovu kwenye ungo wangu akaitupa mbali.

"Huko siji, Donatus," akasema. "Sitaki kuhama. Nataka wewe urudi nyumbani, mvua ikianza tulime wote."